Bangi na moyo kwenda mbio, hii ni kawaida?

Swali: Wakuu, nikivuta tu moyo unadunda balaa, nina miaka 34 na presha ya kupanda, niache au?

Jibu: Inatokea kwa wengi ila kwako sio salama mkuu, THC (kemikali ya bangi inayolevya) inapandisha mapigo, moyo unadai oksijeni zaidi huku moshi una kaboni monoksaidi inayoipunguza kwenye damu. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2001 ulikuta hatari ya shambulio la moyo inapanda karibu mara 5 ndani ya saa 1 baada ya kuvuta. Acha, kapime ECG (kipimo cha umeme wa moyo).

Swali: Na bangi ya kula je?

Jibu: THC ileile, tena inachelewa kupanda so mtu anajiongezea dozi. Kifua kikibana wahi hospitali, na usimfiche daktari (wengi wanaficha).