Shule za serikali mji mdogo, nachaguaje?

mzazi_mgeni: Wakuu tunahamia mji mdogo kikazi, shule za serikali ziko mbili tu, mtoto yuko la tatu. Nitajuaje ipi afadhali?

chaki: Matokeo ya mwaka mmoja yasikutishe, darasa la watoto 20 wakifeli wawili tu asilimia 10 imeshaondoka. Nenda siku ya kawaida, omba kuona madaftari, kama kazi za wiki mbili hazijasahihishwa jibu unalo.

bibi_wa_watatu: Uliza na walimu wanadumu muda gani, wa kwetu wa hesabu alihamishwa katikati ya muhula tukabaki tunahangaika wenyewe. Ila mtoto akitoroka kwa mji ule habari inakufikia kabla yake 😂

mzazi_mgeni: Hiyo ya madaftari sikuiwaza kabisa, shukrani