Kamera inakufa ukiweka sistimu mpya halafu lawama anabeba fundi, huu uhuni wa watengeneza simu mpaka lini?

Wakuu habari za usiku, maana mimi sijalala. Nina simu ya mama mmoja muuza vitenge, kamera ndo duka lake, anapiga picha mzigo anawatupia wateja WhatsApp. Kampuni iliyoitengeneza (jina silitaji) ilimuacha Android 9 mpaka leo, app ya benki ikaanza kumgomea, nikamwambia mama lete tukuwekee GSI ya Android 11, yaani sistimu ya Android ya jumla inayoingia kwenye simu za kampuni tofauti. Ikawaka vizuri tu, laini inasoma, wifi inashika, spika inalia. Fungua kamera sasa, giza, halafu app inajifunga yenyewe.

Toka 2017 Google walipoleta mpango wa Treble na Android 8 walishasema kila mtu akae kwake, /system ni ya Android, /vendor ni ya madraiva na vitu vya mwenye chipu na mwenye simu, ili sistimu ibadilishwe bila kugusa huko kwingine. Ila kuna laibrari (mafaili ya kodi ambayo programu nyingi zinayatumia kwa pamoja) pande zote mbili zinazihitaji, ndo ikaja VNDK, yaani fungu la laibrari za sistimu ambazo venda (huyo wa upande wa /vendor) anaruhusiwa kuziazima, zikagandishwa kwa kila toleo. Simu iliyozaliwa na Android 9 venda yake inadai VNDK 28, na GSI ya 11 inakuja imeibeba hiyo 28 kwenye kifurushi chake, kwa hiyo draiva la zamani halitakiwi hata kujua kama huku juu pamebadilika. Simu zenye adabu zinapita bila kelele, nimeshazifanya kibao.

Sasa hawa jamaa. Saa nane usiku natoa logi (kumbukumbu za makosa ya simu), nakuta faili la kamera ndani ya /vendor/lib64/hw linalalamika kuna simboli (jina la fanksheni linayoitafuta) halioni kwenye libcamera_metadata.so, moja ya laibrari za VNDK. Nikachomoa libcamera_metadata kwenye firmware yao (sistimu ya awali ya simu) nikailinganisha na ile ya GSI, kumbe wameichokonoa! Wamechomekea fanksheni zao humo humo halafu wakaiacha upande wa sistimu. Yaani umeazima sufuria ya jirani, ukaichomelea mpini wako, siku jirani akihama na sufuria yake unaanza kulia njaa??

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hawakukatazwa kuongeza. Utaratibu uko wazi, ukitaka kuongeza chako kwenye laibrari ya VNDK ongeza, usivunje vilivyokuwepo, ila beba kopi yako uiweke kwenye /vendor/lib64/vndk, linka (inayounganisha programu na laibrari zake) ya upande wa venda itaikuta. Faili lenyewe kilobaiti kadhaa tu, picha moja ya kitenge inalizidi mara nyingi. Nimefanya mimi kwa mkono, nimelikopi kutoka firmware yao nikaliweka hapo, nikarekebisha ruhusa, nikawasha upya, kamera hiyo ikafunguka. Kazi ya dakika kumi imeshinda kampuni nzima yenye mainjinia, ila kutoa simu mpya kila baada ya miezi michache hiyo wanaweza.

Najua kuna mtu atakuja kusema VNDK yenyewe imeshaondolewa toka Android 15, siku hizi laibrari hizo venda anakaa nazo kwake. Ni kweli, na bora, nafasi inaliwa kidogo ila ugomvi wa kuazimana unapungua. Inamsaidia nini mwenye Android 9 ambaye kampuni ilishamsahau? Akija kwetu kamera ikafa anasema fundi kaniharibia simu, na hapo hujamuelezea linka wala simboli, utaanzia wapi.

Flashi ya kamera bado haiwaki na logi haisemi kitu cha maana. Aliyewahi kukutana na hili kwenye venda za VNDK 28 aweke hapa alichofanya, tafadhali leo leo, mama anakuja saa nne asubuhi na nilishamwambia iko tayari.