Tupeane uzoefu: Uliwahi kuangusha mti mkavu uliosimama ili upate kuni? Ilikuwaje?

Mama Mapacha: Wakuu, habari za jioni. Nyuma ya jiko langu kuna mgrevilea umekauka mwaka wa pili sasa, magome yameshabanduka, umebaki mweupe kama mfupa. Jana upepo umeshusha tawi nene kama paja, likatua palepale ninapoanika vyombo. Kijana wa jirani anataka elfu thelathini auangushe, kuni zibaki kwangu. Kabla sijatoa hela, waliopitia hili tusimulieni.

Kifyatua: Usiguse. Mimi hadi leo bega halipandi.

Mama Mapacha: Simulia basi kaka, usituachie kichwa cha habari.

Kifyatua: Nilikuwa na miaka 24, Njombe, mkaratusi mkavu pembeni ya shamba la viazi. Baba mdogo alisema tuuache udondoke wenyewe, mimi nikaona mzee ameanza woga. Nikakata kinywa upande wa bondeni, nikahamia nyuma. Shoka likawa linazama tu kama kwenye muhogo uliochemka, kumbe mchwa walishamaliza ndani, limebaki ganda. Kila nikipiga, huko juu nasikia ko, ko, kama mtu anagonga kucha mezani. Sikunyanyua kichwa, na hapo ndipo nilipokosea. Mti mbichi ukitaka kwenda unalia kwanza, unapata nafasi ya kukimbia. Ule haukulia. Wala haukuanguka, uliketi. Ulishuka wima juu ya kisiki chake, mtikisiko ukakata kilele, kikarudi upande wangu. Ninachokumbuka baada ya hapo ni baba mdogo ananichania shati kwa kisu. Mtulinga vipande viwili. Wiki sita nalishwa na shangazi kama kinda la njiwa, na uji wenyewe umepikwa kwa kuni zilezile.

Dada wa Mlalo: Haulii. Umesema kweli tupu.

Babu Shoka: Vijana mnakata huku mnaangalia miguu. Dawa ni kamba. Apande mtu mwepesi afunge juu, wengine wavute kutoka mbali.

Kifyatua: Babu, apande mti mkavu? Huyo mwepesi ni mtoto wa nani?

Babu Shoka: Tumepanda sana sisi. Tupo.

Dada wa Mlalo: Mliobaki ndio mnaosimulia, babu.

Fundi Chenso: Mama, elfu thelathini ni bei ya shoka. Mimi na mashine yangu dakika kumi tu, ila mafuta juu yako. Na kuni zipasuliwe mapema. Mgrevilea hausumbui, ila mkaratusi ukishakauka unageuka chuma, unapasuliwa ukiwa mbichi.

Hondohondo: Naomba niwe tofauti. Mti mkavu wenye tundu ni nyumba. Hondohondo jike anajiziba humo kwa udongo, anatagia ndani, dume anamletea chakula kwenye kaufa. Kama hauelekei nyumba, uacheni.

Mama Mapacha: Unaelekea jiko, kaka yangu.

Dada wa Mlalo: Njoo huku tukupikie maharage kwa hondohondo. Mtu ana gesi mjini anatufundisha kuni.

Hondohondo: Sijatukana mtu. Mkakati wa nishati safi ya kupikia umetoka 2024, lengo ni asilimia 80 ya watu wawe wanaitumia kufikia 2034. Tutafika.

Dada wa Mlalo: Hadi 2034 maharage yatakuwa yameota.

Mjukuu wa Kibosho: Mmenikumbusha kitu. Kwenye kihamba cha bibi, yaani shamba la nyumbani kule Uchagani, kulikuwa na mfenesi uliokufa, uko wima. Tukauangusha likizo ya Desemba, mimi na binamu zangu. Ulipopasuka, ndani ya tundu tukaona kopo la maziwa lenye kutu. Ndani yake noti za shilingi ishirini zenye picha ya Nyerere, zimegandana, nusu zimeliwa na wadudu. Sisi tunacheka tumeokota hazina. Bibi akatoka jikoni, akaliona kopo, akakaa chini kwenye majani ya kahawa. Mdogo wake alifukuzwa nyumbani akisingiziwa kuiba hela ya kahawa. Akaenda Tanga kwenye mkonge, hakurudi. Na aliyemfukuza ni… chaji inaisha, narudi.

Fundi Chenso: Weeee!

Kifyatua: Hakuna cha chaji hapa. Azima simu.

Babu Shoka: Ni mume wa bibi huyo. Alificha akasahau.

Dada wa Mlalo: Au hakusahau.

Mama Mapacha: Jamani, na mti wangu?

Babu Shoka: Piga shina kwa kisigino cha shoka. Likilia ngo, ndani ni zima. Likilia bu, ita mwenye mashine, na jiko hamishia uwani siku hiyo.

Fundi Chenso: Likilia bu hata mimi siji kwa dakika kumi. Hapo tunaongea upya.

Mjukuu wa Kibosho: Nimerudi. Ni babu, ndiyo. Alikuwa ameshafariki, hakuna wa kumuuliza. Bibi alikataa kuni zile zisiingie jikoni kwake. Tulizipanga nyuma ya banda la ng'ombe, ziko hadi leo.

Fundi Chenso: Pole sana. Ila zitazameni, kama ziligusa udongo mchwa wameshapita.