Tupeane uzoefu: kucha za akriliki kunyanyuka kabla ya wakati, hasa sisi wa Tanga

Mwanzisha mada:
Hamjambo wapendwa. Leo naomba tuzungumze kucha za akriliki, na zaidi hili la kunyanyuka. Mtu anatoka saluni Ngamiani mikono inameremeta, wiki haijaisha anachana nywele zinamnasa shinani mwa kucha. Nywele zikianza kunasa ujue pameshaachia, hata kama kwa macho hujaona kitu.

Kinachoniudhi ni majibu tunayopewa. "Gundi za siku hizi mbovu." "Wewe mikono yako ina jasho." Gundi inashika tipu tu, kile kipande cha plastiki cha kurefushia. Akriliki ni poda na maji yake, yaani kimiminika maalumu, si maji ya bomba. Vikichanganyika vinaganda vyenyewe na kushika juu ya ukucha wako. Kwa wanaoweka tipu za nusu, kule shinani panapoachia kwanza hakuna gundi hata tone. Kwa hiyo tuulizane kuhusu ukucha wenyewe: ulikuwa mkavu? Ulikuwa safi? Msimamo wangu ni kwamba kucha nyingi zinaharibika kabla kopo la poda halijafunguliwa, na mteja anayelipa ana haki ya kujua nini kinatakiwa kufanyika wakati ule.

Semeni zenu zilikaaje, na mnafanya nazo kazi gani. Kazi tusiziache nyuma. Huku kwetu kuna kufua kwa mikono, kuna samaki, kuna nazi.

Binti Chumbageni:
Mimi na dada yangu tulibandika siku moja, kwa fundi mmoja, poda kutoka kopo moja. Zangu zilifika wiki ya tatu zikiwa nzima. Za dada zilianza kuachia mapema sana, kidole cha shahada na gumba kwanza. Tofauti yetu ni kwamba mimi nashinda ofisini na karatasi, yeye ni mama lishe, mikono iko majini toka alfajiri. Fundi alimweleza vizuri: ukucha wa asili unakunywa maji na kuvimba, ukikauka unasinyaa, akriliki ya juu haivimbi kwa kiasi hicho. Mchezo huo ukirudiwa kutwa, mshiko unalegea. Sasa anaoshea vyombo na glovu za mpira, ndani yake anavaa glovu nyepesi za pamba, maana mpira mtupu kwa joto letu hili mkono unaloa jasho na faida inapotea. Zinamkalia.

Fundi wa Ngamiani:
Nashukuru mada imeletwa. Ninafanya kazi hii na nitasema bila kumficha mteja.

La kwanza, usikubali kulowekwa mikono kwenye maji ya uvuguvugu halafu hapohapo ubandikwe akriliki. Kuloweka ni kwa ajili ya usafi wa kucha za asili na rangi ya kawaida. Ukucha uliolowa unashikilia maji ndani hata ukiufuta kwa taulo, na yale maji yatatoka yakiwa chini ya akriliki. Kazi ya akriliki inaanza kwenye ukucha mkavu.

La pili ni utando. Shinani mwa ukucha kuna ngozi nyembamba sana inayoota na kutambaa juu ya ukucha, karibu haionekani. Wengi wanasukuma ile ngozi nene inayoonekana wanadhani wamemaliza. Utando ukibaki, akriliki inashika utando, haishiki ukucha, na ngozi mfu inabanduka na kila kilicho juu yake. Hapa ndipo penye shida kubwa kuliko kwingine kote, na ndipo mafundi wenye haraka wanaporuka. Ukiwa mteja, angalia: fundi wako amekaa na kila kidole akikwangua taratibu pembeni na shinani, au amepitisha kijiti mara moja akasonga mbele?

Kisha msasa. Lengo ni kuondoa mng'ao tu. Wapo wanaosaga kwa mashine mpaka ukucha unakuwa mwembamba, wakiamini ukikwaruzwa sana ndiyo akriliki itashika. Ni kinyume chake. Ukucha mwembamba unapinda, akriliki haipindi kwa kiasi hicho, vinaachana. Na mteja akisikia moto wakati wa kusaga, aseme, asivumilie kwa aibu.

Baada ya hapo vumbi linafutwa, unapakwa dawa ya kukausha mafuta, halafu prima, kile kimiminika cha kusaidia akriliki ishike, kidogo mno. Prima ya asidi ikigusa ngozi inaunguza, na ikijazwa haiongezi nguvu yoyote. Kuanzia hapo, mteja, usishike uso, usirekebishe ushungi, usiguse simu. Mafuta ya nywele yakirudi kwenye ukucha, kazi yote imerudi nyuma.

Mwanzisha mada:
Fundi, hilo la simu linanigusa. Nimeona mara nyingi mkono mmoja unatayarishwa, wa pili unajibu meseji. Na vipi akriliki kugusa ngozi? Mimi naambiwa ikipanda mpaka kwenye nyama ndiyo inashika vizuri.

Fundi wa Ngamiani:
Hapana. Iachwe nafasi nyembamba kama unywele kati ya akriliki na ngozi, kuzunguka pote. Ikipanda kwenye ngozi, ngozi inasukuma kila siku na hapo ndipo upenyo unapoanzia. Tena kuna hatari ya mzio: maji ya akriliki ambayo hayajaganda yakigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuyakataa, vidole vikawasha, vikavimba, vikapasuka. Mzio wa aina hii ukishaingia kwa kawaida hauondoki, na mtu anaweza kusumbuliwa hata na baadhi ya vifaa vya kuzibia meno.

Mchanganyiko ukiwa maji mno unatiririka mpaka kwenye ngozi, na ukishaganda unakuwa dhaifu. Ukiwa mkavu mno haulali vizuri juu ya ukucha. Na hapa Tanga miezi ya Desemba mpaka Machi joto linafanya akriliki igande haraka, kwa hiyo fundi achukue tone dogo dogo, asilazimishe tone moja kubwa lifunike ukucha wote. Mwisho, kingo ya shinani isuguliwe mpaka ukipitisha kidole usisikie ngazi. Ngazi ndiyo inayonasa nywele.

Mama wa Makorora:
Mimi nakuna nazi karibu kila siku na kucha ninazo. Siri yangu ni urefu. Nazi unaishika kwa viganja, lakini kucha ndefu zinagonga kwenye kifuu na kwenye meno ya mbuzi. Zangu zinavuka ncha ya kidole kidogo tu. Dagaa nawachambua kwa ncha za vidole, sitii kucha.

Mdada wa Raskazoni:
Samahani mama yangu, kwa heshima, urefu peke yake siukubali. Zangu ni ndefu na zinakaa. Kinachotakiwa ni mgongo: akriliki iwe nene kidogo pale katikati ukucha unapopata mzigo, na iwe nyembamba shinani na nchani. Nyingi ninazoziona mjini ni bapa kama rula, au nene huko mbele. Hizo lazima zinyanyuke.

Fundi wa Ngamiani:
Mna haki wote. Kucha ndefu ikigonga kitu, nguvu inakwenda kuinua shina. Mgongo mzuri unapunguza nguvu hiyo, hauiondoi. Dada wa Raskazoni ninavyokuona wewe hukuni nazi kila siku.

Somo wa Mabawa:
Wanangu, nawapa la harusi, maana linatokea sana. Bi harusi anabandikwa kucha kwanza, kisha anaingizwa ndani kwa singo. Singo lina mafuta, linasuguliwa mwili mzima, na anayesugua hachagui, mikono na vidole vyote vinapita humo. Baadaye hina, na hina ikishatolewa tunapaka mafuta rangi ikolee. Mpaka siku ya ukumbi kucha mbili tatu zimeondoka na picha zinaharibika. Mpangilio wangu sasa: singo liishe, hina ikauke na kukolea, mafuta yaishe mikononi, ndipo fundi wa kucha aitwe. Na fundi aambiwe kabisa kwamba mikono hii imetoka kwenye mafuta, apate muda wa kuikausha. Nimewahi kumzuia fundi mlangoni kwa sababu hiyo, mama wa bi harusi akanuna, lakini kucha zilivuka fungate.

Binti Sahare:
Wifi yangu kucha ilinyanyuka nusu, akaenda kwenye saluni moja (siitaji), wakamchuruzia gundi chini wakabana. Baada ya muda chini yake pakawa kijani. Wakataka kumpaka rangi nyeusi pasionekane! Nilikataa kabisa.

Fundi wa Ngamiani:
Ulifanya vyema. Ukijani ule kwa kawaida ni bakteria wanaoitwa Pseudomonas, wanapenda mahali penye unyevu palipofungwa, na chini ya kucha iliyonyanyuka ndipo penyewe. Kubana kwa gundi ni kuyafungia maji ndani. Kilichonyanyuka kinasagwa kiondoke, panasafishwa, panakauka, ndipo pajazwe upya. Kikiwa kijani hakijazwi kabisa: akriliki yote itoke na aende hospitali apewe dawa inayofaa, hasa kama panauma au ana kisukari.

Mama wa Makorora:
Na udhu je? Hakuna aliyegusia.

Somo wa Mabawa:
Mashekhe wetu wanatufundisha maji yafike kwenye ukucha. Ndiyo maana wengi hapa wanabandika siku zao za hedhi na kuzitoa kabla ya kujitwaharisha. Kwa hao, kudumu mwezi si hoja, wanataka zitoke salama. Zungumzeni na hilo la kutoa.

Dada wa Usagara:
Kabla ya kutoa, mimi nina kisa tofauti. Zangu hazikunyanyuka hata kidogo, nikawa nazisifia kila mahali. Siku moja nafunga mlango wa bajaji, kucha ikanasa. Akriliki haikuvunjika. Ulichanika ukucha wangu wa asili, damu tele. Nilipokwenda kwa fundi mwingine kutoa nyingine, asetoni, ile dawa ya kuyeyushia akriliki, ilikuwa kama haiziingii. Akaniambia nilipakwa maji ya akriliki yenye MMA (methyl methacrylate).

Mwanzisha mada:
Pole sana dada. Hili nalitilia mkazo kwa sababu tunaweza kudhani kucha isiyonyanyuka ndiyo bora. MMA inatumika katika meno bandia, na ni bei nafuu kuliko EMA (ethyl methacrylate) inayotakiwa kwenye kucha. Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilichukua hatua dhidi ya bidhaa za kucha zenye MMA tupu tangu miaka ya 1970, baada ya malalamiko ya kucha kuharibika na ngozi kupata mzio. Dalili zake: harufu kali mno kuliko kawaida, ugumu usiopinda, na kutokuyeyuka kwa asetoni. Ulizeni chupa, isomeni. Fundi anayemimina kutoka kwenye chupa isiyo na jina, mimi nainuka kwenye kiti.

Fundi wa Ngamiani:
Naunga mkono. Akriliki nzuri iwe imara, lakini ikipata kishindo kikubwa ivunjike yenyewe kabla ya ukucha wako.

Kuhusu kutoa: kata urefu, saga safu ya juu uipunguze, paka mafuta ya nazi kwenye ngozi inayozunguka, kisha pamba yenye asetoni juu ya kila ukucha na ufunge kwa karatasi ya foili. Subiri kama dakika 20, ifutwe iliyolainika, rudia palipobaki. Asetoni inashika moto, kwa hiyo isiwe karibu na jiko la mkaa wala mshumaa umeme ukikatika. Usikubali kung'olewa kwa kubanuliwa na tipu nyingine, inaondoka na tabaka la ukucha, na ukucha wa mkono unachukua kama miezi sita kuota upya wote.

Binti Chumbageni:
Na kujaziwa akriliki shinani ukucha ukishaota je, nisubiri mpaka zinyanyuke?

Fundi wa Ngamiani:
Usisubiri. Ukucha unaota kama milimita tatu kwa mwezi, na jinsi unavyosogea ule mgongo unasogea mbele na uzito unahamia nchani. Njoo kati ya wiki ya pili na ya tatu. Ukifanya kazi za maji, njoo ya pili. Na ukija, usipake mafuta mikononi asubuhi hiyo.