Mvinyo wa Ugiriki: Santorini au Nemea?

Mpita_Njia: Wakuu, nina siku 5 Ugiriki mwezi Agosti. Nataka kuonja mvinyo kwa wazalishaji wenyewe. Niende wapi, niepuke nini?

Kizibo: Kisiwa cha Santorini, omba Assyrtiko. Ni mvinyo mweupe, uchachu wake haupotei hata kwa joto lile. Shambani iangalie mizabibu yenyewe: imesukwa kama kikapu kilicholazwa chini, vichala vikiwa ndani ili upepo na mchanga visivichubue. Wengi hukosea kuunywa ukiwa baridi mno. Kwenye nyuzi 5 harufu yote inalala. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha. Malizia na Vinsanto, wa zabibu zilizoanikwa juani, uliokaa kwenye mapipa angalau miaka 2. Ila Agosti ni mavuno, kwa hiyo weka miadi mapema.

Mzabibu: Kama meli inakula muda, Nemea ni karibu kilomita 120 kutoka Athens. Huko ni Agiorgitiko, mwekundu laini. Xinomavro, mvinyo mwekundu wa Naoussa, uache, ni mbali kaskazini, na ukiwa bado haujakomaa unakaza ulimi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Kwenye lebo tafuta herufi ΠΟΠ, ndizo zinazolinda jina la eneo.

Mpita_Njia: Na nikiendesha mwenyewe?

Kizibo: Onja kisha tema. Ndoo ipo mezani kwa kazi hiyo, hakuna atakayenuna. Kikomo cha dereva ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu. Chupa zifunge kwenye nguo, ziende na begi kubwa. Begi la mkononi, viwanja vingi vya ndege mwisho ni chupa ya mililita 100.