Tupeane uzoefu: filamu za magenge ya pikipiki, steringi wako alikuwa nani?

Wakuu, za jioni. Mada hii nimekaa nayo miaka, leo naileta.

Mwaka 1993 banda la video mtaani kwetu Tanga lilikuwa na mabenchi sita, magunia yamezibwa madirishani, jenereta linanguruma uani. Jumamosi moja mwenye banda akaandika ubaoni kwa chaki: PIKIPIKI NA BUNDUKI. Tukajaa hadi sakafuni. Mkanda wenyewe ulikuwa Easy Rider, wa mwaka 1969. Sasa sheria ya banda kila mtu anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, ila mwisho atarudi kulipiza. Peter Fonda na Dennis Hopper wanatoka Los Angeles kwenda New Orleans, wanalala porini, wanavuta bangi, wanaongea. Ngumi za maana hakuna, watu wakaanza kuguna. Dakika za mwisho ikapita pikapu ya wanakijiji wawili. Mmoja akatoa bunduki dirishani, Hopper akaenda chini. Fonda akaondoka kutafuta msaada, pikapu nayo ikageuza. Pikipiki ikarushwa, ikawaka moto, majina yakaanza kupanda.

Hakuna aliyeinuka. Tulikuwa tunasubiri mkanda wa pili. Ikabidi mwenye banda autoe ule kwenye deki, akauinua juu tuone kwamba utepe umeviringika wote upande mmoja.

Kaka yangu kwa kawaida alikuwa anaigiza mapigano yote njia nzima hadi nyumbani. Siku hiyo hakusema neno. Usiku, taa imeshazimwa, ndiyo akaniuliza: "Kwani waliwakosea nini?" Sikuwa na jibu.

Kwenye mikanda ya Wachina adui ulimjua kwa kicheko chake tu. Kwenye hizi za magenge, steringi na adui wamevaa koti lilelile la ngozi, kwa hiyo anayeamua ni wewe uliyekaa benchi. Naombeni kila mmoja aseme: uliona ipi, wapi, na ulimshika nani?

Mdau wa Moshi:

Mkuu, umenigusa. Mimi niliiona picha kabla ya filamu. Kinyozi wetu alikuwa na bango ukutani, ile pikipiki ya Fonda yenye bendera ya Marekani kwenye tangi na shokapu za mbele ndefu kama miguu ya korongo. Nilikuwa na miaka 19, najifunza ufundi gereji. Nikachukua pikipiki ya Kichina iliyochoka, nikachomelea vipande vya bomba kurefusha mbele, usukani nikaupandisha usawa wa mabega. Barabara ikinyooka ilikuwa raha tupu. Kwenye kona usukani unakuwa mzito, unaukata na gurudumu linachelewa kukufuata. Niliishia kwenye migomba ya watu, weldi imeachia. Kovu la kidevuni ninalo hadi leo.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Pikipiki za filamu ile zilijengwa na watu weusi, Cliff Vaughs na Ben Hardy, kutokana na Harley-Davidson kuukuu za polisi zilizonunuliwa mnadani. Hardy alikuwa fundi wa mtaani kabisa, South Central, Los Angeles. Majina yao hayakuwekwa kwenye filamu, na kwa miaka mingi waliopenda zile pikipiki hawakujua zimetoka mikononi mwa nani. Mimi steringi wangu ni Hardy, na sura yake haionekani popote kwenye mkanda.

Mdau wa Mombasa:

Yangu ni Mad Max, ile ya kwanza ya Australia, 1979. Tuliitazama Majengo kwa bob kumi, na jamaa wa kutafsiri ameshika maiki. Huyo alikuwa ashaamua kila kitu kabla hatujaketi: Mel Gibson ni "afande", Toecutter na watu wake ni "majambazi wa barabara kuu". Hakuwa mtu wa kuacha hata sekunde ipite bila neno. Lakini pale mke wa Max anapokimbia barabarani na mtoto mkononi, nduthi zinakuja nyuma, halafu unaona kiatu kidogo tu kinaanguka kwenye lami, maiki ilishuka. Ukumbi mzima ulisikia injini peke yake.

Max alipoanza kuwasaka mmoja mmoja tulipiga mabenchi hadi mikono ikauma. Genge halikuwa na rafiki hata mmoja mle ndani. Ila nakumbuka vizuri tulipotoka nje: Max anaendesha gari, na sisi watoto wote tulienda nyumbani tukiwa nduthi. Hakuna aliyekuwa gari. Nimelifikiria sana hilo tangu nipate watoto wangu.

Mdau wa Dodoma:

Mimi ni muuguzi wodi ya mifupa, nimeiona Easy Rider kwenye laptopu ya mume wangu. Samahanini, sikuweza kuifurahia. Niliangalia vichwa. Hopper anaendesha na kofia ya pama. Jack Nicholson amepanda nyuma na helmeti ya dhahabu ya mpira wa Kimarekani, na yeye wanakuja kumuua kwa marungu akiwa amelala chini, helmeti haipo kichwani. Nikazima nikaingia zamu.

Mdau wa Leeds:

Dada wa Dodoma, pole na kazi. Mimi nahudumia wazee huku Uingereza, na mzee wangu mmoja ndiye aliyenifundisha haya mambo.

The Wild One ya Marlon Brando ilitoka Marekani mwishoni mwa 1953. Chanzo chake ni vurugu za Hollister, California, Julai 1947, zilizokuzwa sana na magazeti. Huku bodi ya ukaguzi ikaikataa mwaka 1954 kwa hofu kwamba vijana wataiga, na haikuipa cheti mpaka 1967. Mzee wangu alikuwa na miaka 15 ilipokataliwa. Akakata picha ya Brando kwenye gazeti: kofia imelazwa upande, mkono juu ya tangi la Triumph, pikipiki ya kwao Uingereza. Akaweka akiba ya mshahara wa kiwandani, akanunua koti. Wenzake wakanunua. Wakawa wanakesha kwenye migahawa ya barabarani, wanashindana hadi mzunguko wa barabara na kurudi. Wawili walikufa, mmoja alikuwa binamu yake.

Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona filamu. Alipoiona hatimaye alikuwa na mke na mtoto. Aliniambia alishangaa jinsi Brando alivyo mpole na mwenye aibu mle ndani, na kwamba picha ya gazetini ilikuwa kali kuliko filamu yenyewe. Koti analo bado. Nalipaka mafuta kila Jumapili, yeye anashika mkono mmoja wa koti na mimi mwingine.

Mdau wa Oakland:

Kwa upande wangu kuna filamu moja imefunga mjadala, Gimme Shelter. Hiyo si ya kuigiza. Tamasha la muziki la Rolling Stones pale Altamont, California, Desemba 6, 1969, miezi michache tu baada ya Easy Rider kuingia kumbini, genge la pikipiki la Hells Angels limewekwa mbele ya jukwaa. Meredith Hunter, kijana mweusi wa miaka 18, anachomwa kisu na mmoja wao, kamera inarekodi. Bastola aliyoishika Hunter inaonekana pia, na mahakama ilipotazama picha hizohizo ikamwachia mshtakiwa kwa hoja ya kujihami. Nimeirudia mara nyingi. Mimi macho yangu yanaenda kwa mpenzi wake na gauni lake jeupe la kufuma.

Mdau wa Cincinnati:

Filamu ya The Bikeriders sehemu kubwa ilipigwa picha huku kwetu, kwa hiyo Juni 2024 nilienda siku za mwanzo. Safu mbili za mbele walikaa wazee wa vesti za ngozi, ndevu nyeupe, wengine na fimbo za kutembelea. Kuna pale mwanzo Johnny, ambaye ni Tom Hardy, anamtazama Brando kwenye TV sebuleni kwake na wazo la kuanzisha klabu linamjia. Wale wazee wakacheka kwa sauti na kupigana mabega. Nilielewa kwamba wanajicheka wao wenyewe.

Mwishoni dogo mmoja aliyekataliwa anakuja kumpa Johnny changamoto. Johnny anamuuliza kama desturi: ngumi au visu? Dogo anatoa bastola. Hakuna aliyecheka tena. Nilipotoka niliwakuta kwenye maegesho, wamekaa juu ya pikipiki zao, injini zimezimwa, wanaongea polepole. Nilipita nikawasalimia, wakaitikia. Niliondoka na gari langu kabla yao.

Mtoa mada:

Asanteni sana wakuu. Nimempigia kaka usiku huu, yuko Handeni, ana bodaboda mbili amewapa vijana. Nimemsomea ya Cincinnati yote. Alinyamaza, halafu akauliza, "Huyo dogo alikuwa na miaka mingapi?"