Kilo zimerudi na kiungulia juu yake: nirudi tena kisuni?

fundi_wa_Wete

Asalaam alaykum. Mie mwanamke wa miaka 42, nakaa Wete, Pemba, kazi yangu ushoni. Naitaja kazi kwa sababu ni futi ya kushonea iliyoniumbua, si mizani.

Novemba 2021 nilikwenda India, spitali moja ya Chennai, nikakatwa tumbo. Ile wanayoiita slivu: zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula inatolewa moja kwa moja, kinabaki kijimfuko chembamba mfano wa ndizi. Urefu wangu sentimita 161, na nilikuwa kilo 118. Kwa mwaka na kitu nikashuka mpaka 89, zikagoma hapo. Sikulalamika. Nilikuwa nasujudu na kuinuka bila ya kushika ukuta, na kwangu hilo peke yake lilitosha.

Kisha zikaanza kurudi, moja moja. 93. 98. Leo 104. Kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, nimejiandika na mie: kiuno inchi 50, halafu 39. Wiki iliyopita, najishonea nguo ya harusi ya mdogo wangu, imekuja 45. Nikapima mara mbili, nikamwita binti yangu apime ya tatu. Akanambia, "Mama, futi haijakosea."

Lau ingekuwa kilo tu ningenyamaza. Shida ni kiungulia. Nikilala chali maji machungu yanapanda mpaka kooni, usiku nakohoa kama mvuta sigara. Nalalia mito mitatu. Nameza omeprazoli asubuhi na jioni na bado. Kabla ya operesheni sikuwa nacho kabisa.

Nimemwandikia daktari wa kule, kanijibu kwa sauti ya sekunde kumi na kitu: njoo tukugeuzie baipasi, yaani operesheni nyengine ya kukipitisha chakula pembeni ya tumbo. Hakuuliza nina nini, hakutaka kipimo, bei ndiyo iliyofuata.

Na bei ndiyo inayonikondesha (natamani ingekuwa kweli). Ya kwanza, nusu alilipa shemegi yangu wa Maskati. Nusu nyengine ni karafuu. Ndugu zangu waliniachia mavuno ya shamba la mama ya msimu mzima, hakuna aliyechukua hata pishi. Leo nikawaambie nini? Kwamba karafuu zimeota tena kiunoni?

Aliyegeuziwa slivu kuwa baipasi anieleze ilikuwaje. Na tafadhalini, msinambie nipunguze wali.

---

mtu_wa_shamba

Pole dada, lakini na mdomo nao ufungwe. Wazee wetu walikula muhogo na samaki, hawakukatwa tumbo. Acha wali, tembea.

---

baharia_Mkoani

Kaka, kasema asiambiwe wali, na wewe umekuja na wali. Ukisikia asidi inakuamsha saa nane usiku uje tuzungumze kutembea.

Dada, mie nimegeuziwa. Slivu yangu ya 2019, baipasi 2023, hukohuko India ila mji mwengine. Nakueleza yote, tamu na chungu.

Tamu: kiungulia kilikata. Nilikuwa nalala kwenye kiti, sasa nalala kama mtu. Kwa hilo sijuti hata siku moja.

Chungu: kilo. Nilikwenda na matumaini ya kutoa 30, nikatoa 13. Daktari alinionya kabla, kuwa operesheni ya pili huwa haitoi kilo kama ya kwanza, na mimi nilimsikia kwa sikio moja. Pia si kazi nyepesi kwao. Ndani kuna makovu, nyama zimeshikana, na mshono kuvuja au damu kutoka ni hatari kubwa kidogo kuliko mara ya mwanzo. Mke wangu aliambiwa asubiri masaa mawili, nikatolewa baada ya manne. Anasema alimaliza tasbihi mpaka vidole vikamuuma.

Halafu kuna maisha ya baadaye ambayo hakuna anayeyatangaza. Baipasi inakupa kijimfuko kama yai, kisha chakula kinaruka tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo. Basi na vitamini zinarukwa. Nameza madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, na B12 nachomwa kila miezi mitatu, na hii ni mpaka naingia kaburini. Chuma na kalsiamu huzimezi pamoja, unaachanisha masaa mawili, na chuma hukimezi na chai. Mpemba bila chai asubuhi, unaelewa mwenyewe.

Diklofenaki nayo marufuku. Nilisahau, mgongo ukaniuma, nikanunua dukani kama kawaida yetu, nikapata kidonda pale penye mshono. Wiki sita za dawa.

Na halua! Maulidi ya mwaka wa kwanza niliona haya kukataa, nikala kipande kama kibiriti. Hata kahawa haijaisha, moyo mbio, jasho likanirowesha kanzu, macho kiza. Nikajilaza kwenye mkeka nyuma ya watu, mzee mmoja akadhani nimepandwa na shetani, akaanza kunisomea. Ilikuwa sukari tu imeteremka kwa kasi kwenye utumbo.

Ramadhani ile ya kwanza sikufunga kwa amri ya daktari, kwa sababu maji unayapata kwa funda ndogondogo siku nzima. Nimezilipa baadaye.

Ukienda, usikimbilie kurudi. Nilibaki wiki tatu. Mshono ukivuja uko kwenye boti mkondo wa Nungwi, nahodha hana la kukufanyia.

---

bi_nesi_Ng'ambo

Mwanangu, mie nimestaafu, nimekaa wodi za upasuaji miaka mingi. Shusha pumzi kwanza.

Tufanye hesabu ambayo hukuifanya. Kwa urefu wako, uzito wa kawaida unaishia kama kilo 65. Ulikuwa umezidi kilo 53, ukaondoa 29. Hiyo ni zaidi ya nusu, na kwa wapasuaji wengi hapo operesheni inahesabiwa imefanya kazi. Kwa hiyo karafuu za ndugu zako hazikutupwa baharini. Kilichokuja baadaye ni uzito kurudi, nao hurudi kwa sababu: kijimfuko kutanuka, dawa, homoni, au njia nyengine za chakula kupita. Mpaka ijulikane sababu, kukata tena ni kubahatisha.

Ila mie kinachonishughulisha si kiuno chako, ni hilo koo. Slivu inajulikana kwa tabia hiyo. Bomba jembamba lina presha, mlango wa juu ukilegea asidi inapanda. Pengine na kipande cha tumbo kimepanda kifuani, ngiri ya ndani, na hiyo hurekebishwa humohumo kwenye operesheni. Umio ukichomwa miaka na miaka, ngozi yake ya ndani inaweza kubadilika, na mabadiliko hayo hufuatiliwa kwa sababu mengine huishia saratani. Hayo hayaonekani kwenye sauti ya WhatsApp. Unahitaji mpira wenye kamera uingizwe tumboni, na picha ya eksirei ukimeza bariamu, uji mweupe, uone umbo la mfuko. Hospitali ya Muhimbili, Dar, vipimo hivyo vipo. Chukua barua ya rufaa, nenda na ripoti yako ya Chennai, wasome nini kilikatwa.

Wakikuta umio umeharibika au ngiri, baipasi ina sababu ya maana hata usipotoa kilo moja. Wakikuta kila kitu kizima, basi una nafasi ya kujaribu njia nyengine kwanza.

Nijibu na haya. Unachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu? Una pumu, unatumia dawa za steroidi? Tezi ya shingo imepimwa lini? Na siulizi unakula nini, nauliza unakunywa nini ukiwa kwenye cherehani. Slivu inazuia sahani, gilasi inapita.

Mito mitatu iondoe, inakukunja tumbo na kulibana zaidi. Inua kitanda upande wa kichwa, au tafuta mto wa mteremko unaoanzia mgongoni. Na usile masaa matatu kabla ya kulala.

---

ummu_wawili

Shoga, mie slivu yangu ilirudisha kilo 11. Daktari wa Dar akaniwekea sindano ya semaglutaidi, dawa ya kupunguza hamu ya kula, mara moja kwa wiki. Nimetoa 9 kwa miezi saba. Wiki za mwanzo kichefuchefu kama mimba. Nilipoisimamisha kwa ajili ya pesa, nne zimesharudi, na nimeambiwa ndivyo ilivyo: inafanya kazi ukiwa nayo.

Mawili ya kuangalia. Kalamu yake ya sindano ambayo hujaianza inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Umeme wetu unaujua. Mie nilikuwa naamka usiku kugusa friji. La pili, usinunue kwa wauzaji wa mitandaoni. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu Ozempic bandia, na Ozempic ni jina moja la kibiashara la semaglutaidi hiihii.

Lakini sikudanganyi, kwa kiungulia chako sijui kama nitakushauri. Dawa hii inachelewesha tumbo kumwaga chakula, mie mwenyewe kimenizidi kidogo. Waulize baada ya kamera.

---

fundi_wa_Wete

Shukrani nyote, na wewe mtu wa shamba pia, nimekusamehe.

Bi Nesi, swali lako la gilasi nililisoma nikiwa na gilasi mkononi. Wallahi. Juisi ya ukwaju, na kabla yake chai ya maziwa. Nikaamua siku moja nihesabu kwa ukweli: chai ya maziwa tatu, kila moja vijiko vitatu vya sukari, juisi mbili, na kashata ninayomega huku mguu uko kwenye pedali. Sikukalia sahani hata moja ya maana siku ile, ndiyo maana nilikuwa naapa kwamba sili. Na sindano ya miezi mitatu ndiyo, naichoma tangu 2023. Hakuna aliyewahi kuniunganishia mambo hayo na kilo. Tezi haijapimwa.

Kiungulia lakini si cha chai. Siku tatu nimekunywa maji matupu na kilipanda vilevile. Kwa hiyo kamera nakwenda. Barua nimepata, boti ni Jumatano, mume wangu ananisubiri bandarini Unguja tuvuke pamoja Dar. Chennai nimewaambia wasubiri, wakanitumia punguzo la bei mpaka mwisho wa mwezi, kama vile nanunua kanga.

Shemegi nimempigia. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu asubuhi. Akanikata katikati, akauliza, "Unasujudu bado bila kushika ukuta?" Nikamwambia siku hizi nashika kidogo. Akasema basi nipime kwanza, pesa tutazungumza nikishajua ninachonunua. Ndugu zangu bado, huko nitakwenda na majibu mkononi.

Kaka baharia, ukifika Wete pita, nina maswali ya hiyo B12, nani anakuchoma na unaipata wapi.

Na Bi Nesi, mto wa mteremko nimeutafuta madukani sikuuona. Nimeushona. Upana wa futi mbili, urefu wa futi mbili na nusu, juu inchi nane kisha unashuka mpaka sifuri, ndani nimeshindilia sufi ya magodoro mawili ya zamani. Jana nimelala mpaka adhana ya alfajiri.